Mguu Ulionyamaza

Fundi Rafaqat aliongea na mashine kuliko alivyoongea na watu. Simsengenyi, nilimsikia mwenyewe. Nimekaa miaka kwenye kiti cha dirishani katika kliniki ile, sindano mbili mkononi, damu inatoka, inasafishwa, inarudi, na mtu aliyefungwa hivyo hana kazi nyingine ila kusikiliza ya wenzake. Jina langu Kaneez. Kabla figo zangu hazijagoma nilikuwa nashona nguo za maharusi hapa Gujranwala, nyuma ya soko la vitambaa. Pale kliniki wote wananiita Apa, yaani dada mkubwa, hata walionizidi umri, na sijui kama ni heshima au wanaogopa mdomo wangu.

Baba yake Rafaqat alikuwa fundi wa kusuka mota za feni, kama nusu ya wanaume wa mji huu, na yeye alikulia kwenye waya za shaba. Lakini feni hazikumkaa moyoni. Alipenda mashine ambazo waliozitengeneza wameshazisahau: mashine za kufumia sweta zilizotoka Ujerumani, mizani ya kiwanda cha mchele, lifti ya hoteli iliyokuwa inafungua mlango kati ya ghorofa mbili. Aliziita yatima. Ukimwitia yatima aliinama juu yake akaanza kuibembeleza: "Haya mama, unaumwa wapi? Hapa? Basi tulia." Nyingi zilipona, na jina lake likafika mpaka Sialkot.

Mke wake Musarrat hakuhitaji kuambiwa tulia, maana alikuwa ametulia tangu kuzaliwa. Mwembamba, macho makubwa, maneno ya kuokoteza. Rafaqat alimpenda, hilo siwezi kumnyima. Figo zilipomharibikia alifunga karakana siku zote za zamu ya mkewe, akawa anakaa naye kwenye kiti cha plastiki mwanzo hadi mwisho. Ila alikuwa na tabia moja iliyonichefua. Akimwuliza mkewe jambo, anajibu mwenyewe. "Unasikia baridi? Unasikia baridi, ngoja nikufunike." "Utakula? Kula kidogo." Kuna siku alimletea viatu kutoka Lahore, akamvalisha palepale kitini. "Vimekutosha? Vimekutosha kabisa." Musarrat alivivaa mpaka visigino vikachubuka, na muuguzi wetu, Sista Shamshad, ndiye aliyeviona vidonda akavificha vile viatu chini ya kabati la dawa.

"Fundi," nilimwambia siku hiyo, "huyu mwanamke ana mdomo wake."

"Apa, mimi namjua mke wangu," akasema. "Asipokataa, ametaka."

Nikageukia dirishani. Kuna watu ukibishana nao unapandisha presha bure, na mimi presha yangu ilikuwa juu tayari.

Kliniki ni ya sadaka. Wenye viwanda vya feni ndio wanaoiendesha, na mashine zake zilikuja zimeshatumika ng'ambo mpaka wenyewe wakazichoka. Zilikuwa tatu. Ya karibu na mlango imetengwa kwa wenye homa ya ini, sisi wengine hatuigusi. Mbili zilizobaki ni pacha, umri mmoja, rangi moja ya maziwa yaliyochacha. Moja niliitumia mimi, ya pili Musarrat, bega kwa bega, tukitazama ukuta mmoja wenye picha ya bustani ambayo sote tuliichukia.

Ilikuwa majira ya ukungu, yale ambayo mchana unawasha taa na bado huoni upande wa pili wa barabara. Umeme ulikatika kama kawaida yake, halafu ukarudi kwa kishindo. Mashine ya Musarrat ikalia, ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikafa. Sista Shamshad akachomoa ule mpini ulio ubavuni, akaizungusha pampu kwa mkono huku anasoma dua, mpaka damu yote ya Musarrat ikarudi mwilini mwake. Kisha akakaa sakafuni.

Daktari alituambia ukweli bila kuupamba. Mashine moja haiwezi kubeba watu wa mashine mbili. Waliokuwa wakitumia ile iliyokufa walitafuta pa kujishikiza, huyu kwa mwanawe Faisalabad, yule kwa dada yake Multan. Musarrat hakuwa na wa kumpokea. Kule Lahore hospitali ya serikali ilisema foleni imejaa, waache jina. Na mtu wa aina yetu akiacha jina peke yake, akakosa mashine, maji yanampanda mwilini mpaka yanafika kifuani. Hamalizi msimu. Rafaqat aliyajua hayo kuliko sisi sote.

"Mnipe mimi," akasema. "Ni yatima huyu. Mnipe."

Akaifungua palepale wodini, maana hakuna mlango mpana wa kuitolea bila kuibomoa. Alipochungulia ndani akakuta chipu moja imepasuka kifuani: kidude cheusi cha urefu wa kucha, miguu kumi huku na kumi huku. Nilimwuliza kazi yake ni nini, naye alifurahi kuulizwa.

"Huyu ni kadhi wa mashine, Apa. Kila kitu kinamletea habari kwenye mguu wake. Kuna hewa kwenye mrija? Hapana. Maji yamepoa? Hapana. Kifuniko kimefungwa? Ndiyo. Akiridhika anasema pampu izunguke. Asiporidhika anapiga king'ora."

"Basi nunua mwingine."

"Walioitengeneza hii wameacha zamani. Na hata ungempata mtupu, yuko kama mtoto mchanga, hajui kujibu. Majibu yanachomwa ndani yake mara moja tu, na aliyeyachoma yuko ng'ambo, pengine ameshazikwa."

"Kwa hiyo?"

Akaitazama mashine yangu. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Pacha wa yule kadhi alikuwa ndani ya mashine yangu, hai, mwenye majibu yote. Rafaqat alitaka kumng'oa baada ya zamu yetu, amhoji mezani, atengeneze nakala, kisha amrudishe kabla ya zamu ya kesho. Miguu ya chipu za zamani huvunjika kama vijiti vya kuchokolea meno. Mmoja ukikatika, mashine mbili zimekufa badala ya moja, na mimi na Musarrat tunaacha majina yetu Lahore pamoja. Daktari aliusema wazi ubaya huo, akanigeukia. "Apa, wewe ndiye unayeitumia. Unaonaje?"

Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu. Nilimtazama Musarrat, uso umevimba chini ya macho, nikashindwa kusema hapana. Nikatazama sindano zangu, nikashindwa kusema ndiyo. Nikanyamaza, mimi ninayesifika kwa mdomo.

"Haya, Apa amekubali," Rafaqat akasema, na wote wakatawanyika. Sikuwa nimekubali kitu.

Alimtoa kwa bisibisi nyembamba, akimwinua huku na huku kidogokidogo, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Alimweka kwenye kisanduku chake cha kusomea, akakiunganisha na laptop iliyofungwa gundi pembeni. Chipu ikakataa kusomwa. Walioitengeneza walikuwa wameitia kufuli ili watu kama Rafaqat wasiibe majibu. Mimi niliposikia nilikata tamaa, lakini yeye alisugua mikono.

"Kufuli linamzuia kuonyesha moyo wake. Halimzuii kujibu akiulizwa."

Akaunganisha waya kwenye kila mguu, akaiacha laptop imhoji. Mguu huu ndiyo, huu hapana, utasemaje? Huu hapana, huu ndiyo, utasemaje? Kila mchanganyiko unaowezekana, mpaka maswali yakaisha, na majibu yote yakawa yameandikwa. Chipu yenyewe haikuwa na kumbukumbu, alisema, swali lilelile lilipata jibu lilelile daima, na hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yetu. Asubuhi yake ikarudi kwenye mashine yangu na miguu yake yote. Nilipochomwa sindano sikuondoa macho kwenye pampu hata mara moja.

Sasa ikabaki kupata chipu mpya na kuichoma majibu yale. Rafaqat alikwenda Lahore kwenye maduka ya spea, akaleta moja inayong'aa. Ikagoma kuchomwa. Akaikwangua kwa kisu akakuta maandishi yamepakwa juu ya maandishi mengine. Takataka iliyosafishwa. Alitukana kwa Kipunjabi cha baba yake, akapanda basi tena kwenye ukungu.

Wakati huo Musarrat aliishi kwa makombo yetu. Sisi wa mashine yangu tulikatwa muda kila mmoja, ili vipande vile viunganishwe apate zamu fupi. Haikutosha. Alikuja anahema, miguu imejaa kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Siku ile mumewe yuko Lahore alikaa pembeni yangu akingoja nimalize. Sista alikuwa amempa kipande cha barafu anyonye, maana sisi maji tunapimiwa.

"Apa," akasema, "wewe ulichagua?"

"Kuchagua nini?"

"Hii." Akaugusa mrija wangu wenye damu.

"Nani anachagua hii, mtoto wa watu? Unaletwa tu unachomwa."

Akaikoroga barafu mdomoni mpaka ikaisha. "Mimi sikumbuki kuulizwa," akasema. Nilifikiri ni uchovu unaongea. Nikamwambia ale hata mkate kidogo, kama vile mimi ndiye mumewe.

Chipu ya pili ilikuwa halali. Ilikubali kuchomwa. Rafaqat akaihoji maswali yaleyale, akalinganisha, majibu yakafanana yote. Alipoinuka mezani alikuwa na uso wa kijana. Akaipachika kwenye mashine ya Musarrat, wakaijaza maji ya chumvi badala ya damu, maana Sista Shamshad alikuwa ameapa kwamba hakuna mshipa wa mtu utakaogusa mashine ile kabla haijazunguka zamu nzima bila kosa. Rafaqat akabonyeza swichi, pampu ikazunguka. Sista akaanza kutabasamu, na king'ora kikalia.

Akazima, akawasha. Ikaenda muda mrefu zaidi, akafunga kifuniko, ikalia. Akafungua, akainama, ikaenda. Akaondoka kuchukua chai, ikalia.

"Mezani inajibu vizuri?" Sista akauliza.

"Inajibu kila swali."

"Na humu?"

"Humu inakuwa kichaa."

"Ukiiinamia inakwenda," nikasema. "Basi tukufunge skrubu hapohapo, tumalize."

Alicheka kwa mdomo tu. Akabadilisha soketi. Akachomelea upya kila tone la lehemu. Akapima umeme, akabadilisha hata vilivyokuwa vizima. Akasema labda chipu mpya inajibu upesi mno kuliko ya zamani, mashine imezoea mzee anayefikiri kwanza, akatia vitu vya kuichelewesha. King'ora kikachelewa kidogo, kikalia vilevile. Alikuwa haibembelezi tena. Aliitazama tu, na mara moja nilimwona amelaza paji la uso kwenye bati lake, akinong'ona, "Niambie. Nakuomba niambie." Nililia kimya kimya, na kwa mwenye sindano mkononi hata kujifuta machozi ni shida.

Daktari alimwita kando. Nilisikia neno kifua na neno maji. Musarrat alikuwa amelala upande wa pili wa pazia, macho wazi, anayasikia kama mimi.

Siku Rafaqat alipoipata kasoro yenyewe hakuwa anatafuta kitu. Alikuwa ameishiwa. Amesimama nyuma ya mashine, kifuniko wazi, mkono mmoja umeshika ubao wa chipu asije akaanguka, mashine inazunguka kwa sababu yeye yupo. Akainua mkono kujipangusa pua. King'ora. Akarudisha mkono, kimya. Akainua, king'ora. Nikaona mgongo wake unanyooka.

"Ni kidole gumba," akasema. Akaanza kukihamisha, hapa inalia, hapa hailii, mpaka akafika palipo na ncha mbili za lehemu, moja ya umeme na moja ya mguu wa chipu. Kidole chake chenye jasho kilikuwa kimezilalia zote mbili. Akachukua mita, akaufuata ule mguu kwenye ubao. Akaufuata tena. Akatoa kicheko kilichomfanya Sista aje mbio akidhani amepigwa na umeme.

"Hauendi popote," alisema. "Sista, tazama. Mguu huu hauendi popote."

Kwenye ubavu wa mashine kulikuwa na tundu lililozibwa kwa plastiki. Lilikuwa la kifaa cha ziada ambacho hospitali ya ng'ambo iliyoitumia kwanza haikukinunua. Mguu mmoja wa chipu ulikuwa unasubiri habari kutoka kwa kifaa hicho, na kwa miaka yote hakuna aliyewahi kuuambia neno, si ndiyo wala hapana. Mezani Rafaqat aliuhoji kama miguu mingine, ukajibu. Ndani ya mashine hakuna wa kuuhoji. Chipu ya zamani isipoambiwa kitu inahesabu ndiyo. Mpya isipoambiwa kitu inayumba na kila mvumo wa waya, leo ndiyo, sasa hivi hapana, mpaka kidole cha mtu kiishikilie.

Dawa yake ilikuwa rezista moja, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, iliyouunganisha mguu ule na umeme. Akaichomelea, akafunga kifuniko, akakaa mbali kabisa, mikono chini ya makwapa. Mashine ikazunguka maji ya chumvi zamu nzima. Sista akatia hewa kwenye mrija makusudi, ikalia kama inavyopaswa. Akaitoa, ikanyamaza. Daktari akaja akaipima mwenyewe, akasema mlete mgonjwa.

Musarrat aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, shali hadi masikioni. Rafaqat hakuweza kunyamaza. Alipiga magoti mbele yake akamweleza yote, kidole gumba, mguu, tundu la plastiki, anapiga mikono yake mapajani.

"Sikiliza, ni kama siku ya ndoa yetu. Kadhi alikuuliza, ukanyamaza, shangazi yako akatoka akasema amekubali. Si ndivyo? Basi chipu ya zamani imelelewa hivyohivyo. Ukinyamaza, ni ndiyo."

Tukacheka wote. Nimekaa vyumba vingi na mabibi harusi, pindo la mwisho bado liko mkononi mwangu, na ndivyo ilivyo kwetu. Msichana anatazama magoti yake, mtu mwingine anabeba jibu kwenda kwa wanaume.

"Na mpya?" Musarrat akauliza.

"Mpya ukinyamaza haijui. Inababaika. Ndiyo maana ikatusumbua. Lakini nimeifungia ndiyo ya kudumu, haitababaika tena."

"Kama mimi," Musarrat akasema.

Kicheko kilikufa. Rafaqat alibaki na mikono juu ya mapaja.

"Rafaqat," mkewe akasema. Sijawahi kumsikia akimwita kwa jina. Wake wa kwetu hawaiti waume zao kwa majina, wanasema wewe, au sikiliza, au baba nanii. Sista Shamshad aliinamisha macho kama aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. "Siku ile ya kwanza daktari alisema nikafikirie kama nianze kufungwa mashine. Ulipofika nyumbani uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza... nilikuuliza tuanze?"

"Nikajibu nini?"

Akatafuta. Nilimwona akitafuta kweli, kama alivyotafuta kwenye ubao.

"Ulichukua shali langu," Musarrat akasema, "ukasema haya twende. Nikaja. Nimekuja kila zamu. Na huku mashine imeharibika, umekwenda Lahore, umelia hapo nyuma, nimekusikia, nami nimelala nasema moyoni, huyu mtu anahangaika hivi, na hajaniuliza hata mara moja kama nataka."

"Nikikuuliza utasema hapana." Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Labda."

"Musarrat."

"Labda. Sijui. Sijawahi kupewa nafasi ya kujua."

Nilimwonea hasira Rafaqat, halafu nikamwonea huruma kuliko nilivyomwonea mtu yeyote pale. Mwanamume amepigana na ukungu, na matapeli wa Lahore, na kufuli la watu waliokufa, ameshinda, na ushindi wenyewe unamtaka afungue mdomo aulize swali ambalo jibu lake linaweza kumchukulia mke. Angeweza kukwepa. Sindano zilikuwa tayari kwenye trei. Mwingine angesema haya twende, utachoka, tutaongea nyumbani.

Alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Unataka?" akasema. "Ufungwe leo. Unataka?"

Musarrat akanyamaza.

Mkono wa Rafaqat ulianza kwenda kwenye swichi. Ni mazoea, hata mimi niliuona ukienda wenyewe. Ukafika nusu ya njia, ukasimama. Akaurudisha, akaukunja na mwenzake makwapani, akabaki amepiga magoti kwenye sakafu baridi. Nje muuza njegere alipita na mkokoteni wake akigonga kijiko kwenye sufuria, akapotelea kwenye ukungu. Mashine yangu ilikuwa inazunguka. Ya Musarrat ilikuwa inangoja, taa yake ya kijani inawaka. Musarrat alitazama ile picha ya bustani ukutani, kwa muda ambao ningependa usirudi tena maishani mwangu, na kifua chake kilikuwa kinasikika kikikwaruza.

"Leo ndiyo," akasema.

Rafaqat akalaza kichwa kwenye miguu yake iliyovimba.

"Zamu ijayo uniulize tena," akasema Musarrat. "Usije na shali mkononi. Uniulize kwanza."

Amekuwa akimwuliza. Kila zamu, kabla ya kupimwa uzito, kabla ya sindano, anapiga magoti anauliza. Siku nyingine Musarrat anajibu upesi, hata anamtania, ndiyo bwana kadhi. Siku nyingine anamkawiza mpaka chai ya Sista inapoa, na siku hizo Rafaqat anageuka rangi, kwa sababu sote tunajua swali lile si la adabu tu. Akisema hapana watarudi nyumbani. Fundi ameshamwambia hivyo, nilimsikia.

Wiki iliyopita nilimchekesha Sista Shamshad. Nilimwambia, mimi nina miaka humu na hakuna mwanadamu aliyewahi kuniuliza, hata siku mlipoing'oa chipu yangu mlijijibia wenyewe. Niulize na mimi. Akacheka, akavaa uso wa kadhi, sindano mkononi. "Apa Kaneez, unataka ufungwe leo?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu la kumchekesha wodi nzima, nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi. Halikutoka. Nikamtazama Musarrat, naye alikuwa ananitazama, hacheki. Nikatazama mkono wangu wenye makovu, nikatazama dirisha. Sista aliacha kucheka. Mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka, nilikuwa nimeunyoosha mwenyewe kwa mazoea, lakini hakuushika. Alivuta kiti, akakaa karibu nami, akasubiri.